Nywele Alizotaka Daktari

Mume wangu alianza kunuka kitunguu saumu mwaka ule niliojifungua mtoto wetu wa kwanza. Enzi hizo za Wajerumani sisi wa Moshono hatukukipika. Mimi nilikijua kwa mama mmoja wa pwani aliyekaa karibu na boma la Arusha. Nilimpelekea maziwa, naye akanifundisha Kiswahili. Nilipomsimulia alicheka, akasema mume wangu kapata jiko la pili kwa Wahindi. Nikacheka pia. Lakini harufu ilikuwa katika pumzi yake na jasho lake, hata siku ambazo hakutia kitu kinywani.

Alifanya kazi katika ghala la ngozi mjini. Ngozi za ng'ombe na mbuzi zililetwa hapo kutoka Oldonyo Sambu na kwingineko, na kabla ya kupelekwa Ulaya zilichovywa katika pipa la maji yenye dawa nyeupe ili wadudu wasizitoboe. Yeye ndiye aliyezichovya, kwa mikono mitupu. Mwanzoni alijivuna nayo. Kazi mbaya si mchezo mwema, alikuwa akisema, maneno aliyoyaokota hukohuko mjini. Nilipojifungua, msimamizi alimpa ngozi moja yenye kasoro, akaja nayo nyumbani na kunitandikia. Kwetu mzazi hulala juu ya ngozi, na hiyo ilikuwa pana, haina hata kiroboto. Nilimshukuru, nikalala hapo na mwanangu.

Kisha viganja vyake vikaanza kuwa vigumu, vikaota vidonda visivyopona. Mgongoni akapata madoa kama vumbi lililonyeshewa matone machache ya mvua. Tumbo likamharisha, miguu ikafa ganzi, akawa anavuka moto wa jikoni na kukanyaga kaa bila kujua. Nilimsihi aache. Akaniuliza aache vipi, na dole gumba lake liko kwenye mkataba? Aliyetoroka alirudishwa na askari akachapwa kiboko. Ni boma peke yake lililoweza kumwachia.

Ndipo daktari akaja. Alikuwa Mjerumani mpole, sitamsingizia. Alikijua Kiswahili, na alikuwa akizunguka maghalani kutazama mikono ya watu. Alimkagua mume wangu kwa muda mrefu, akamwambia anadhani ile dawa ya ngozi ni sumu na imemwingia mwilini, ila kudhani hakutoshi. Sumu ya namna hiyo, alisema, hujificha katika nywele na kucha. Akipewa nywele ataitoa humo na kuionyesha kwa macho. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliamini kwamba mgeni wetu ndiye huyo.

Mume wangu alikataa. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo, sembuse kupewa mgeni. Zikinyolewa hufichwa na mtu wa nyumbani, maana mwenye nywele zako anao uhai wako. Zake zilifichwa na mama yake tangu utotoni, na mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubembelezwa. Nilipiga magoti mbele yake, nikamweleza alichosema daktari: sumu ikionekana, itaandikwa, ikiandikwa, mwanao atatolewa ghalani. Alimtazama mwanawe akijaribu kufunga kiatu cha ngozi kwa vidole visivyohisi kamba.

"Kama nywele zake ndizo zitakazomtoa mle," alisema, "nitazinyoa mwenyewe."

Akamnyoa kwa maziwa na maji, akimtemea baraka utosini, akazifunga katika jani na kunipa. Tulizipeleka mimi na mume wangu.

Daktari alituruhusu kuona. Alizipika nywele katika maji makali, akayatia kwenye chupa yenye vipande vya madini, yakachemka bila moto. Mvuke ukapita katika mrija wa kioo uliowashiwa taa chini yake. Chumba kizima kikanuka kitunguu saumu. Baadaye ndani ya kioo pakatokea weusi unaong'aa, kama sufuria iliyoungua. Daktari akaushika ule mrija dirishani. Sijapata kumwona Mzungu akifurahi vile. Alimwita mwenzake, wakapeana mikono. Mume wangu naye akatabasamu, masikini, kwa kuwa alidhani wanafurahi kwa ajili yake.

Nikauliza ni lini atatoka ghalani.

"Bado," daktari akasema. "Sasa najua kwamba sumu imo. Sijajua inapandaje mwezi hadi mwezi. Akiondoka, sitajua."

Nilipomtajia ile ngozi ya kulalia alituagiza tuizike, akatupa dawa ya tumbo. Kisha, nilisikia kwa masikio yangu, akamwambia msimamizi asimhamishe mtu huyu kazi nyingine. Nilimchukia. Mpaka leo namchukia, nami ni kikongwe, na yeye pengine ameshakuwa udongo.

Tukaendelea kupeleka nywele. Mtu angeuliza kwa nini. Mfa maji hushika maji, nasi hatukuwa na kingine cha kushika. Kila mwezi tulidhani huu ndio utakaomtosha daktari. Mama mkwe alinyoa bila kutema baraka tena. Nywele zenyewe zilipungua, zikawa nyepesi kama za mtoto. Mume wangu alibebwa kutoka ghalani wakati wa masika, hawezi kusimama, na tumbo likammaliza kabla mahindi hayajakomaa.

Daktari alikuja Moshono siku ile ile, amepanda nyumbu, yule chotara wa punda na farasi. Alivua kofia, akatupa pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akaomba nywele za mwisho. Nilimtafsiria mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa mlangoni, kisu cha kunyolea kipo mapajani, kwa maana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuninyoa mimi kwa ajili ya msiba.

"Mwambie," alisema, "zake alipewa mwanangu angali hai."

Nikamwambia. Daktari hakuondoka. Alikuwa akiutazama utosi wa mwanangu mgongoni kwangu, na akaniuliza mtoto huyu alilala juu ya ile ngozi kwa muda gani.