Douche ya Pompe kule Bweremana

Wakati ule barabara ya Sake ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kila mara kwa sababu ya mapigano. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Butembo aliniita nyumbani kwake Bweremana. Mama yake alivunjika nyonga walipokuwa wakikimbia kutoka Walikale, na hakuweza tena kuinama kwenye beseni. Wake za wanawe walimwogesha, naye aliona haya sana. Yule mfanyabiashara alitaka douche, maji yamwagike kutoka juu, mama aoge peke yake, amesimama, ameshika chuma cha ukutani.

Nilikuwa nimejifunza umeme Goma, na kazi yangu niliijua. Tanki la maji ya mvua lilikuwa chini ya nyumba, kwa hiyo bila pompe ya kuyasukuma maji yasingepanda. Umeme ulitoka kwa groupe, ile jenereta ya dukani kwake.

"Dada, unganisha tu kwa waya ya frigo," aliniambia, akionyesha waya wa friji yake. "Tumalize leo."

"Hapana, Papa. Pompe itakuwa na waya yake, munene. Bouton ya kuiwasha itakaa inje ya douche. Na nitatia disjoncteur ya kukata courant yenyewe kama inaponyoka. Mule ndani iko maji, iko umeme, na mama yako bila nguo."

Alinuna, lakini akaniacha. Nilitafuta mahali penye udongo wenye majimaji, nyuma ya jikoni, nikapigilia chuma kirefu ardhini. Mara mbili kiligonga jiwe, mara mbili nikakihamisha. Kilipozama, nilikifungia waya ya ardhi kutoka kwa pompe, na nyingine kutoka kwa groupe, ili umeme ukiponyoka uishie ardhini. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia cha disjoncteur: ikakata papo hapo. Nilienda nyumbani nikitembea kama mwenye mji.

Baada ya wiki moja, yule Papa akanifuata mwenyewe, amekasirika.

"Kitu yako inakata-kata! Mama amebaki na sabuni kwa kichwa!"

Nilifungua pompe. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa yamefika kwenye nyaya. Nilimwita aangalie.

"Mama alikuwa ameshika nini?"

"Chuma ya ukuta," akasema polepole.

Nikamwambia kwamba bila disjoncteur umeme ungempitia mama humo. Alikaa juu ya ndoo, mikono kwa magoti.

Mpira mpya ulipaswa kutoka Goma, na barabara ilikuwa imefungwa tena. Aliniuliza mara moja tu kama naweza kuunganisha bila disjoncteur. Nikamwambia atafute fundi mwingine. Hakutafuta. Mpira ulikuja kwa mtumbwi wa wafanyabiashara wa ziwani, na nikaufunga siku hiyohiyo.

Mama aliingia, akafunga mlango. Tulimsikia akiimba, halafu akimfokea mjukuu aliyegonga. Alikaa mule hadi maji ya tanki yakakaribia kuisha. Alipotoka, kitenge amejifunga mwenyewe, aliwaambia wake za wanawe:

"Muende shamba. Mimi niko sawa."

Yule Papa aliniomba nibaki niangalie nyaya zote za duka.