Viatu Vyeusi Chini ya Kitanda

Mume wangu alipofariki tulikuwa tunaishi ughaibuni, mtaa wa Forest, ghorofa ya tatu, mimi na binti yetu wa miaka kumi na miwili. Wifi yangu alihamia kwetu kusimamia kilio. Kwa desturi ya familia yao, mjane hatoki nje, wala nguo mpya au kiatu kipya hakiingii ndani, mpaka kaka mkubwa wa marehemu aje kuondoa kilio. Kaka huyo alikuwa Lubumbashi, anangoja viza.

Tukangoja. Mvua za Novemba zilipoanza, soli ya kiatu cha binti yangu ikaachia mbele.

"Maman, angalia, nikitembea inasema bonjour," akaniambia, akichezesha mguu. Tulicheka. Kesho yake alirudi soksi zimelowa, hacheki tena. Darasani walikuwa wanakipungia mkono kiatu chake: "Bonjour, monsieur!"

Nilimwomba wifi amnunulie vingine sokoni, pale Gare du Midi.

"Bon, unataka muntu mwingine afe humu ndani?" akasema. "Mutoto atavumilia. Kaka mukubwa atafika."

Nilibandika soli kwa gundi. Mvua ikaibandua.

Viatu vyangu vyeusi, nilivyovaa siku ya mazishi, vilikuwa chini ya kitanda. Kila nikifagia niliviona. Asubuhi moja, wifi akiwa bafuni, nilivitoa, nikajaza pamba kwenye ncha, nikamvalisha binti yangu. Vilikuwa vya zamani, kwa hiyo sikuvunja mwiko wowote. Ila sikuwa na vingine. Nilisimama dirishani mpaka akapinda kona, akitembea polepole kama mtu mzima.

Hakuwa amefika mbali, nadhani, simu ya wifi ilipolia. Viza ilikuwa imekataliwa, na wazee wa Lubumbashi walikuwa wameamua wifi mwenyewe aondoe kilio, siku hiyohiyo. Alilia kidogo, akajifuta, akafungua mlango wa kwenda ngazini.

"Alors, vaa viatu. Tuende kanisa, nikutoe nje."

"Viko shuleni," nikasema.

Aliangalia ndala zangu. Aliangalia miguu yake, midogo kuliko yangu. Nikadhani atanigombeza, lakini alikaa tu karibu nami, na koti lake mwilini.

Hakuna aliyeinuka kufunga mlango. Baridi ya ngazini ikawa inaingia, nasi tukangoja watoto watoke shule.