Gaspar na Kanuni ya Mtani

Jirani yangu Gaspar ni fundi seremala hapa Ukonga, Mngoni wa Songea, mtu mpole mpaka umwekee ubao wa mchezo mbele yake. Hapo anageuka mfalme. Mchezo wenyewe aliutunga na kuuchonga mwenyewe kwa mabaki ya mninga: kila mchezaji ana himaya yake, analima, anagundua vitu, kisha anamvamia mwenzake. Ndoto yake, ambayo mtaa mzima tumeimbiwa, ilikuwa kuuona dukani ndani ya boksi lililoandikwa Gaspar Ngonyani.

Tatizo lilikuwa chuma. Aliyegundua chuma kwanza alibaki nacho peke yake mpaka mwisho, na kila mara mgunduzi alikuwa Gaspar, sijui ni bahati gani ile ya watunzi. Sisi wengine tulibaki na mikuki ya miti tukisubiri kufa. Kila Jumamosi, kabla mchezo haujafika katikati, mimi nakumbuka cherehani yangu, na Sebastian, Mhehe wa nyumba ya pili, anakumbuka kikao cha jumuiya.

"Ujuzi nimeutolea jasho mwenyewe, kwa nini nimpe adui?" Gaspar alifoka. Lakini mchezo ambao watu wanaukimbia hauuziki, na hilo alilijua. Akajaribu mikataba: adui anaomba, mnakubaliana, mnapeana. Nani ampe adui panga la kukatwa nalo? Hakuna aliyekubali. Akajaribu majasusi wa kumwibia mwenzako ugunduzi kwa siri. Siku hiyo mimi na mkewe Apolonia, tunaoazimana chumvi miaka yote, tulitoka barazani bila kuagana.

Jibu lilikuja msibani. Shangazi yake Gaspar alifariki, na Sebastian, mtani halali, akaja kufanya kazi yake. Alilala mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe nyama. Akavaa viatu vya Gaspar vya kanisani, akaenda navyo makaburini kwa madaha, mwenye viatu akimfuata na kandambili. Gaspar, macho yamevimba kwa kilio, alicheka mpaka akashika ukuta. Na ni Sebastian huyo huyo aliyeshika jembe akafukia kaburi mpaka mwisho.

"Babu zetu walipigana vita na hawa Wahehe," Gaspar aliniambia baadaye, "leo ananivua viatu na mie sinuni. Anastasia, jibu nilikuwa nalitafuta wapi?"

Jumamosi iliyofuata kukawa na kanuni mpya. Kila himaya ina mtani wake miongoni mwa maadui. Mtani anachukua ugunduzi wako wowote, waziwazi, mbele ya watu, na wewe unacheka. Ukinuna, unakosa zamu. Lakini himaya yako ikianguka, yeye aliyechukua anawapokea watu wako wote na kuwalisha. Basi! Mchezo ukawa mtamu. Watu walikuja mpaka kutoka Gongo la Mboto, na nguo za wateja wangu zikalala bila kushonwa.

Gaspar akaupiga ubao msasa, akavaa shati la mikono mirefu, akaupeleka Mikocheni kwa kampuni moja inayotengeneza michezo. Alipokewa na binti mmoja, Loveness.

"Shikamoo baba. Mbona huu tunao? Mzee Sebastian alituletea nakala yake wiki iliyopita, ameshasaini mkataba. Tumeupenda sana, hasa ile kanuni ya utani."

Gaspar aliporudi, Sebastian alikuwa barazani kwake, kwenye kiti chake, akinywa chai yake.

"Mtani! Nimechukua. Usinune, utakosa zamu."

Nilitaka kummwagia ile chai. Jasho lote lile la mtu! Apolonia alikuwa ameshaanza kulia. Gaspar alisimama na ubao kwapani, midomo inamcheza, na mpaka leo nikikumbuka uso ule namwonea huruma. Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Alikitoa kama mtu anayeng'oa msumari.

"Mama, funga mizigo," alimwambia mkewe. "Himaya imeanguka."

Giza halijaingia, walikuwa wameshahamia kwa Sebastian. Godoro sebuleni, magauni ya Apolonia kabatini, Gaspar kwenye kochi na rimoti mkononi, anauliza yule jogoo anayewika nje anachinjwa sasa hivi au kesho. Mimi niliwasaidia kubeba mito. Nisingekosa kwa lolote.

Sebastian alinitazama mimi, akamtazama Gaspar, mishipa ya shingo imemsimama.

"Mnakaa mpaka lini?"

"Mpaka tushibe, mtani."

Akafungua mdomo atukane. Gaspar akapunguza sauti ya runinga ili asikie vizuri.

"Nuna tu," akamwambia. "Kanuni si umeisaini mwenyewe?"

Sebastian akaufunga mdomo, akaanza kucheka, kidogo kidogo, kwa shida, huku akitafuta kisu cha jogoo.