Barua Alizozikataza Shifaa

Mtaani Mkomani watu hualikwa harusini kwa mdomo, mlango kwa mlango. Shifaa alilijua hilo tangu utotoni, lakini kadi ya harusi ilipoingia kwenye baruapepe yake aliifungua vivyo hivyo. Kirusi cha kompyuta kilichofichwa ndani yake kikajituma kwa jamaa wote, kwa jina lake. Walimsema mpaka akawaandikia kwa hasira: chochote chenye jina langu, kifuteni bila kukisoma.

Mwezi uliofuata mama yake akazidiwa. Mdogo wake, Amjad, alikuwa kwenye meli ya mizigo, hapatikani ila kwa baruapepe. Shifaa alimwandikia kila siku, siku tisa. Mama alikufa akiuliza kama Amjad amejibu.

Amjad alipofika bandarini alipiga simu, anacheka.

“Dada, kile kirusi chako hakikomi. Nimefuta tisa.”