Touchpad ya laptop yangu iliweka jina la mtu juu ya langu, nikaizima

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wenzao na kucheka kimya kimya, leo ndiyo mara ya kwanza naandika. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bujumbura wiki mbili zilizopita. Chumvi sijaongeza, na kuna mahali hata nimepunguza.

Uzi unaanza na touchpad. Unakoishia mtapaona, nivumilieni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, miaka arobaini na sita, mtoto wa kwanza kati ya sita. Kwetu mtoto wa kwanza anaitwa imfura, na hilo si jina la kupambia tu. Baba akifariki, imfura ndiye anayesimama mbele ya watu.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Jumamosi hiyo ya wiki mbili zilizopita tulikuwa na kuganduka, yaani sherehe ya kumaliza matanga. Watu wanakuja, wanakaa chini ya turubai, wanapewa vinywaji, halafu imfura anasoma historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto gani.

Hapo kwenye watoto ndipo penye moto. Wazee wa ukoo wanasikiliza majina kama wako mahakamani. Aliyetajwa siku hiyo ni wa nyumba hiyo. Asiyetajwa atajieleza mpaka azeeke. Kosea jina moja tu, mama yako atasemwa mtaa mzima.

Kwa hiyo Jumapili ya kabla yake nikabeba laptop hadi kwa mama, Ngagara. Yeye aseme, mimi niandike. Macho yake hayaoni vizuri tena, ila kumbukumbu iko sawasawa. (Mama alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini, ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili. Kirundi kinaingia hasira zikipanda.)

Wakuu, sijawahi kuchanganyikiwa vile.

Naandika sentensi, nainua macho, nusu ya sentensi imehamia aya ya juu. Nafuta, narudisha, naendelea. Nainua macho tena, baba amezaliwa katikati ya ugonjwa wake.

Mimi huandika kwa vidole viwili na macho yako kwenye herufi. Kwa hiyo kila nikitazama kioo, uharibifu umeshafanyika.

Na mama naye hatulii sehemu moja. Mara yuko kwenye harusi yao, mara yuko hospitalini, mara kwenye watoto, mara amerudi baba alipokuwa kijana. Mashine inaruka, mama anaruka, mimi niko katikati natokwa jasho.

"Mama, pole pole kidogo, machine inanisumbua."

"We andika tu. Mi niko nasema, we uko unapigana na machine."

Nikaandika hivyo hivyo, nikasema nitapanga nikifika kwangu.

Jioni niko kwangu Mutanga Nord, nasoma. Nafika kwenye orodha ya watoto, naona majina saba. Sisi ni sita.

Namba moja: Espérance. Namba mbili: mimi.

Espérance ni mama wa makamo aliyetoka Rumonge kuja kumuuguza baba miezi minane ya mwisho. Tuliambiwa ni binti wa rafiki yake wa zamani. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Sisi watoto tulikuwa tunafika Jumapili na machungwa yetu, tunakaa saa moja, tunaaga.

Kwenye hotuba nilikuwa nimemweka mwisho kabisa, kwenye shukrani. Kwa hiyo sikuwa na shaka. Pointer imeruka, jina lake limeenda kukaa juu ya langu. Nikacheka, nikafuta.

Nitasema ukweli wote. Nilicheka, lakini pia nilikereka kujiona namba mbili, hata kwa bahati mbaya.

Jumatatu nikaanza kutafuta mchawi. Dada yangu Gisèle, kitinda mimba wetu, akasema ni virusi, na kama si virusi basi tuiombee. Nikampelekea fundi mmoja kule Rohero. Akaitazama dakika mbili, akasema clavier, yaani keyboard, imekufa, ibadilishwe yote. Nikachukua laptop yangu nikaondoka, maana shuleni clavier hiyo hiyo inaandika bila shida.

Hapo ndipo akili ikanijia. Shuleni natumia meza ndefu na mikono inakaa juu. Kwa mama ile meza ya salon, pale sebuleni, ni fupi, mikono inalala. Nikajaribu kuandika nimeinua viganja: pointer imetulia. Nikalaza viganja: inaruka. Ni ile nyama iliyo chini ya dole gumba, inagusa touchpad na mashine inadhani nimebonyeza.

Sasa kuizima, wakuu, ni vituko vingine.

Windows yangu iko kwa Kifaransa kama za wengi hapa. Nikaingia Paramètres (Settings), halafu Bluetooth et appareils, halafu Pavé tactile, ambayo ndiyo touchpad yenyewe. Kuna kitufe cha kuwasha na kuzima. Nikazima kwa furaha.

Mshale ukakataa kusogea. Souris, yaani mouse, sikuwa nayo, nimeiacha shuleni. Nimekaa nimetoa macho kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake.

Likikupata hili: bonyeza kitufe cha Windows, andika pavé tactile (au touchpad kama yako ni ya Kiingereza), bonyeza Enter, kisha Tab mpaka ufike kwenye kile kitufe, halafu Space. Inawaka. Mimi ilinichukua karibu saa nzima kugundua.

Kuna laptop ambazo zina njia fupi, unabonyeza Fn pamoja na kitufe cha juu chenye kapicha ka touchpad. Yangu haina.

Nilichokuja kufanya ni hiki. Ukurasa ule ule kuna sehemu inayosema touchpad ibaki inawaka hata souris ikichomekwa. Nikaondoa ile alama. Sasa nikichomeka souris touchpad inalala yenyewe, nikichomoa inaamka. Asiye na souris apunguze sensibilité, yaani wepesi wa touchpad kuhisi mguso, au azime ile ya kubonyeza kwa kugusa kidole kimoja.

Jumatano nikarudi Ngagara na souris yangu, kifua mbele. Nikamsomea mama hotuba yote. Nilipomaliza orodha ya watoto akanyanyua mkono.

"Espérance umemuweka wapi?"

"Kwenye shukrani, mama. Machine ilikuwa imemrusha kwa watoto, nimerekebisha."

"Mi sikumuweka kwa merci. Mutoe uko."

Nikadhani amechoka. Nikamwambia kwa upole, mama, touchpad nimeizima, haitaruka tena, tuandike majina upya taratibu. Akasema sawa, andika.

Nikashika souris. Viganja nikainua, japo hakukuwa na haja. Safari hii macho nikayaweka kwenye kioo.

"Espérance," akasema.

Nikaandika. Jina likakaa pale pale juu, halikuruka. Nikasubiri aseme kwamba amekosea. Akataja jina langu, halafu wadogo zangu mmoja mmoja mpaka Gisèle.

"Mama, Espérance ni nani?"

"Ni mukubwa yako. Baba yenu alimuzaa mbele ya kunioa. Alitaka kumuleta hapa akiwa mutoto mudogo, mi nikasema apana. Mi, si baba yenu. Akanyamaza miaka yote. Na ule mutoto niliokataa ndiye alikuja kumubeba mpaka choo, nyiye muko kazini."

Halafu akasema kwa Kirundi kwamba kuganduka kukipita bila jina lile kutajwa, yeye mama hatalala tena. Nikajua hapo hakuna mjadala.

Wakuu, kumbe ile Jumapili mama alimtaja mwenyewe kwa watoto, nami nikaandika bila kusikiliza. Kwa siku tatu nilikuwa nahangaika na mashine iliyoandika jambo la kweli. Niliona aibu. Mtu aliyemwogesha baba yangu nilikuwa nimempachika kwenye shukrani, baada ya wapishi na waliokopesha viti, na nilipomwona kwa watoto nikamfuta huku nacheka.

Jumamosi nikasimama chini ya turubai. Nilipofika kwenye watoto nikaanza na jina la juu: Espérance. Halafu jina langu.

Mzee mmoja wa ukoo akageuka mpaka kiti kikalia. Espérance mwenyewe alikuwa nyuma kabisa na kreti ya Fanta mikononi, anahudumia wageni. Mama hakuwa amemwambia kwamba atatajwa, nadhani aliogopa atakataa kuja. Alisimama tu na kreti yake.

Mama akasema kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Espérance, tula chini iyo kintu. Kuya ukae hapa mbele."

Viti vya watoto vilikuwa sita. Nikampa changu, hotuba nikaimalizia nimesimama.

Funzo la touchpad mmelipata. Chomeka souris, izime, inua viganja. Funzo lingine ni kwamba kabla hujafuta kitu kwa kudhani mashine imekosea, muulize kwanza aliyekuwa anakutajia.

Ila bado nimechanganyikiwa. Wadogo zangu wawili hawaongei na mama. Gisèle kahamia kwa Espérance kabisa, wanasukana nywele. Jana Espérance alinipigia kuuliza kama nimekula, na sikujua nimwite nani. Nikamwita dada, nikasikia analia.

Nina miaka arobaini na sita, na mimi ni mtoto wa pili. Mtoto wa pili huwa anafanya nini, wakuu? Mliozaliwa wa pili nielekezeni hapa chini.