Giaboksi Iliyochukua Kiti Changu

Niliingia Thika nikiendesha lori la mbuzi lisilo na klachi.

Tulikuwa tumetoka Moyale, mimi nikiwa abiria tu, nimekaa juu ya vyuma vya bodi pamoja na wachunga mbuzi, kichwa nimekifunga shuka kwa sababu ya vumbi. Marsabit tulilala. Isiolo tulikunywa chai. Hata mji haukuwa umepotea nyuma yetu klachi ikafa, dereva akashuka, akaketi kwenye kivuli cha tairi la mbele, akasema yeye amefika, mbuzi watajua wenyewe. Nikamwomba ufunguo. Lori linaweza kwenda bila klachi ukiwa na subira ya kusikiliza injini. Unaiacha sauti ishuke mpaka ilingane na gia unayoitaka, kisha unasukuma polepole, inaingia. Shida ni kuondoka tu, maana unaliwasha likiwa tayari ndani ya gia nalo linaruka. Tukaupanda mlima wa Timau hivyo, tukashuka Nanyuki, Karatina, Sagana, mbuzi wakilia nyuma yangu kama kanisa.

Thika nilisimama kwenye duka la matairi kando ya barabara kwa sababu tairi moja lilikuwa limeanza kupasuka. Mwenye duka alikuja akichechemea, mguu wake wa kushoto umenyooka kama ubao. Akachungulia chini ya usukani.

"Mbona hukanyagi klachi?"

"Imekufa tangu Isiolo."

"Na Timau umepanda na nini?"

"Na masikio."

Alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akautazama mguu wangu wa kushoto, akautazama wake. Lori lilipopata fundi na dereva mwingine, likaendelea na safari, mimi sikuendelea nalo.

Nilikuwa nimepita umri wa miaka arobaini bila kukaa mji wowote nikauzoea. Mombasa, Kitale, Juba, kila mahali nilikaa mpaka nikajua majina ya mbwa wa majirani, kisha nikaanza kuukumbuka mji niliotoka, nikafunga begi. Ruiru ilinishika kwa sababu ya gari. Yule mwenye matairi aliishi Membley, hapo Ruiru, na nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai, kulikuwa na gari la milango miwili alilolinunua kabla ya pikipiki kumvunja goti. Injini ya silinda sita, viti vyote vimeng'olewa isipokuwa cha dereva. Lilikuwa gari la mashindano ya kukimbia moja kwa moja, mawili mawili, kwenye lami iliyonyooka. Yeye hakuwahi kulikimbiza hata mara moja. Goti halikunjiki, na klachi ya gari lile ilikuwa ngumu kuliko ya lori.

Basi nikawa mguu wake. Akaniita dere, kifupi cha dereva, nami nikamwita bosi.

Uwanja wetu ulikuwa shamba la kahawa lililokatwa ploti nje ya Ruiru. Wenye shamba walikuwa wameweka lami, mitaro na vigingi vya mipaka kabla ya mtu yeyote kujenga, na kila Jumapili baada ya ibada walinzi walitufungulia geti. Watu walikuja na watoto, wengine bado wamevaa suti. Nilikuwa na mkono wa gia, siwezi kujifanya sikuwa nao. Gia ya kwanza hadi ya pili niliitoa kabla ya mwenzangu kufikiria, na kutoka pale nilisikia jina langu likipigiwa kelele pande zote mbili za lami. "Dere! Dere!" Bosi alisimama mwisho kabisa wa lami akiegemea kigingi. Nikishuka ananipiga begani. Nilirudi chumbani kwangu Mwihoko nikiwa mtu mwingine, mtu ambaye watoto wa ploti niliyopanga walionyeshana kwa kidole.

Kimoyomoyo nililiita gari langu. Mtu mwingine akifungua boneti nilisimama karibu. Bosi akikaa kwenye kiti, mlango wazi, mguu nje, akishika usukani wa gari lililozimwa, nilimwona kama mtu aliyelala kitandani kwangu na viatu.

Siku moja akaniambia, "Dere, nataka kuweka giaboksi ya otomatiki."

Nikacheka. "Hiyo ni ya kupeleka watoto shule, bosi."

"Na ya mtu wa mguu mmoja."

Sikumwonea huruma. Nilikiona kiti kikiondoka.

Akanitaka nimchagulie, kwa sababu injini ile niliijua mimi kuliko yeye. Tukaenda Thika kwa fundi wa giaboksi, mama mmoja wa makamo kutoka Kakamega, mwenye sauti ya kusikika juu ya mashine ya kuchomelea. Gereji yake ilijaa giaboksi zilizotoka Japani na meli, zimepangwa kama magunia sokoni. Alituwekea mbili kwenye kipande cha kapeti.

"Kazi yangu hairudi hapa," akasema, "labda ije kunisalimia." Akaigonga ya kwanza kwa spana. "Hii ni ya gia tatu. Ilitoka kwenye gari zito, haijui kuvunjika. Nimeipasua tumbo nikaifunga upya, haibadilishi gia mpaka uivute kwa mkono. Klachi haina, lakini bila dereva ni chuma tu. Hii nyingine ni ya gia nne, inajipangia yenyewe. Unakanyaga mafuta, unashika usukani, unamwomba Mungu."

"Ya kwanza," nikasema kabla hajamaliza.

Nikatoa sababu. Ile ya gia nne ingebadilisha mapema, injini ikiwa bado ina nguvu ya kutoa. Ilikuwa nyembamba, na nguvu ya silinda sita ikiondoka ghafla ingeweza kuimeza. Lile bakuli la mafuta linalokaa mahali pa klachi lilikuwa kubwa na zito, gari lingeanza kwa uvivu. Yote yalikuwa kweli. Muulize mkimbizaji yeyote wa Ruiru, angesema kama mimi. Lakini chini ya ukweli ule kulikuwa na mwingine: gia ya kuvutwa kwa mkono inataka mkono uliozoea, na mtu ambaye hajawahi kukimbia angehitaji kufundishwa miezi na miezi. Na katika miezi hiyo, Jumapili zingekuwa za nani?

Mama fundi alinitazama, kichwa upande. "Dere, wewe unachagua giaboksi ama unachagua kiti?"

Vijana wa gereji wakacheka. Bosi hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, mguu umenyooka mbele yake.

"Acha nikwambie kitu," akasema. "Kila Jumapili nikisimama pale mwisho, watu hudhani naomba ushinde. Siku zingine naomba ukosee gia. Hata moja tu, dere. Ushuke useme gari hili ni gumu."

"Mimi?"

"Wewe. Unashuka ukijifuta jasho, na lile jasho lilikuwa langu."

Nilidhani wivu wote uliokuwa ndani ya gereji ile ni wangu. Kumbe tulikuwa tumeubeba wawili miezi yote ile, tukipigana mabega na kugawana chapati.

"Sasa niambie," akasema. "Siulizi ya kushinda. Mimi, na mguu huu, nikae ndani siku moja niendeshe. Nichukue ipi?"

Nikaitazama ile ya gia tatu. Nilimwona nayo, macho kwenye mkono wa gia badala ya barabara, injini ikipiga mayowe kwa sababu amesahau kuvuta, mimi nikichungulia dirishani nikimwambia vuta, vuta.

"Ya gia nne," nikasema.

"Yesu wangu!" Mama fundi akapiga makofi. "Amejifuta kazi mwenyewe!"

Asidhani mtu kwamba ulikuwa wema. Wakati tunaipakia kwenye pikapu tayari nilikuwa na hesabu nyingine. Giaboksi ile ingekuwa polepole. Angeshindwa mara moja, mara mbili, aibu ingemshika mbele ya watu wa Membley, kisha angenigeuzia macho na kusema, dere, hebu turudishe ile ya zamani.

Jumapili ilipofika nilisimama mimi pale mwisho wa lami, kwenye kigingi chake. Alipangwa na kijana wa Kahawa Sukari mwenye miwani na gari dogo lililokuwa halijawahi kuziona hata taa zangu za nyuma kwa karibu. Kitambaa cha kuanzishia kikashushwa. Bosi aliondoka kwa uvivu kama nilivyosema, gia ya pili ikaingia mapema kama nilivyosema, na yule kijana akampita kabla ya nusu ya njia. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa kwamba aliyesimama kando yangu atasikia.

Bosi akasimama, akafungua mlango, akautoa mguu wake kwa mikono miwili. Uso wote ulikuwa umelowa.

"Umeiona ya tatu ilivyoingia?" akaniuliza. "Dere, uliiona?"

"Umeshindwa, bosi."

"Nani ameshinda?"

Hakuwa ameangalia. Akarudi ndani, akarudi mwanzo, akapangwa tena, akashindwa tena, na watu wakampigia kelele kuliko walivyowahi kunipigia mimi. Akarudi mara nyingine. Kila alipoupita mstari wa mwisho nilimwona mdomo ukiwa wazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba hesabu yangu imeisha. Mwenye kiu ya kushinda hushindwa akachoka, akaita dereva. Huyu kushindwa kulikuwa kunamtosha, na mtu wa namna hiyo hatoki kwenye kiti.

Jioni aliniambia nije kesho Membley nimfundishe kusimama, maana alikuwa anafunga breki vibaya. Nikasema nitakuja.

Asubuhi nikampa mwenye nyumba wa Mwihoko ufunguo wake, nikabeba begi, na pale Thika nikapata gari lililokuwa linapeleka maji ya chupa Garissa. Tulikuwa tumepita Matuu bosi alipopiga simu.

"Sikulala," akasema. "Nikifunga macho naisikia ikiingia. Dere, hii kitu ni tamu! Mbona hukuniambia ni tamu hivi? Ulikuwa unakula peke yako?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilikuwa nakula peke yangu."

Akacheka sana. Hakuniuliza niko wapi. Akaanza kunisimulia gia ya kwanza, halafu ya pili, namna kiti kinavyokusukuma mgongoni, akinieleza mimi kana kwamba sijawahi kukikalia. Nikamsikiliza mpaka mtandao ulipokatika kabla ya kufika Mwingi.