Majina Yaliyojirudia

Kwetu Mabawe, ukifika mwezi wa kuombea marehemu, kila nyumba hupeleka kikaratasi chenye majina ya wafu wake yasomwe kwenye misa. Mimi shule niliishia darasa la pili, ila jina la mtu silisahau, na hilo nilijivunia mno. Ndiyo maana jumuiya ikanikabidhi vikaratasi, mjukuu wangu avichape.

Kompyuta yake ni ya Windows. Alipomaliza kuchapa akafungua dirisha jeusi, halina picha hata moja.

"Bibi, hizi ni amri za Unix, mfumo mwingine wa kompyuta, nimeziweka humu. Hakuna kubonyezabonyeza, naandika neno tu."

Akaandika sort, majina yakajipanga kwa herufi kama wanafunzi mstarini. Akasema iko nyingine, uniq, inayoondoa majina yaliyojirudia, maana marehemu mmoja huandikwa na watoto wake wote, kila mmoja na kikaratasi chake.

"Ila haimjui mtu, inajua maandishi tu. Nikusomee kwanza yaliyojirudia?"

"Unisomee mimi? Waliozikwa hapa nawajua wote. Ondoa."

Akaondoa.

Kwenye misa jirani yangu alikaa mbele yangu. Jina la mama yake likasomwa, akainamisha kichwa, akasubiri. Likafuata la ukoo mwingine. Akageuka kunitazama, na hapo ndipo nikakumbuka: binti yake, aliyefariki kabla ya kuanza shule, alipewa jina la bibi yake, la ubatizo na la nyumbani. Mtoto yule nilimbeba mgongoni.

Nje akaniuliza, "Dada, mwanangu mmemwacha wapi?"

"Ni mashine ya huyu," nikasema.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama palepale. Akamwambia jirani tu, "Nisamehe, bibi."

Siku tatu sikuweza kumtazama mjukuu wangu. Akinipa shikamoo, naitika marahaba nikiangalia jiko. Siku ya nne nikaenda kwa jirani, nikamkuta anachambua maharage, nikamwambia aliyesema ondoa ni mimi.

Hakuinua kichwa. "Mjukuu wako alikuja jioni ileile, tukamwandika upya mwanangu, atasomwa Jumapili. Nikamuuliza nani alikosea. Akasema ni yeye."

Nikakaa chini, nikavuta ungo nimsaidie, nikashindwa hata kutofautisha maharage na mawe.